Nyumba Moja Badala ya Vijiji Kumi na Moja

Nyumbani kwetu,
Chumba cha nyuma, upande wa dirisha,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana ni nyingi. Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo, na ule mgongo uliokuwa ukimsumbua kazini umetulia? Na Chiriku wetu, mwenye mdomo usiojua likizo, hajambo? Anakula? Bado anagoma kuvaa soksi zinazofanana? Nijibu moja moja, usinijumlishie na kusema "wote wazima" kama kawaida yako.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, presha yake inaviheshimu vidonge, na masikio yake bado yanasikia vizuri sana yale yanayompendeza. Wifi yako naye hajambo. Anasema kwenye ile picha mliyotuma umependeza, ila huyo anayekutengeneza nywele huko anakuonea, na ukija kiti chako saluni kwake kipo. Mimi mwenyewe nipo. Kitambi kimeongezeka kidogo, nywele zimepungua kidogo, kwa hiyo uzito ni uleule.

Kibanda cha funguo kinaendelea. Juzi nilijifungia nje ya kibanda changu mwenyewe. Funguo za ukuta mzima zinaning'inia ndani, zinanitazama kupitia kioo, na mimi fundi niko nje natoa macho. Brashi, yule mchora mabango tunayegawana naye kibaraza, alicheka mpaka akamwaga rangi. Nikamwomba asimwambie mtu. Kufika mchana watu walikuwa wanapita kibandani si kuchonga funguo bali kunipa pole.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika barua badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Ni habari ya Mama na Chiriku. Wewe huwa unashika simu upande wako, huoni upande wetu. Mnapopiga ile simu ya picha, kwanza tunamsikia Chiriku akiwa mbali, anabwabwaja kwa lugha ya huko bila kupumua. Akipewa simu, "Shikamoo bibi." Mama anajibu marahaba kwa nguvu zote, anamuuliza hujambo mjukuu wangu, umeshindaje, shule inaendaje. Kiswahili cha mtoto kinaishia pale kwenye shikamoo. Mtoto anatabasamu. Mama anapunga mkono. Mtoto naye anapunga. Basi, wanapungiana hivyo kama watu waliosimama kwenye vituo viwili vya basi.

Mara ya mwisho mlipokata, Mama aliniambia, "Mjukuu wangu mzuri. Lakini tunatazamana kama mimi na samaki wa kwenye tangi." Akacheka. Mimi nilicheka pia, ila niliona chai yake hakuimaliza, na Mama huyu unamjua, chai haachi hata nyumba ikiungua.

Na Desemba mnakuja. Wiki tatu nzima za kutabasamiana tu! Mashavu yatawauma.

Hapo ndipo mchezo wangu ulipoingia. Usicheke. Najua mlikuwa mkisikia "kaka anacheza na kompyuta" mkadhani ni uzee umekuja na mambo yake. Kuna programu ya watu kama mimi, wasio na elimu ya kompyuta ila wana ubishi, ya kujitengenezea ile michezo ya safari. Unakuwa na mtu mdogo kwenye skrini, unamwongoza anatembea kijiji hadi kijiji, anaongea na watu, anatafuta vitu, anapambana na majitu. Unapanga nyumba, unapanga miti, unaandika kila mtu atasema nini. Mchana kutwa nachonga funguo, jioni natengeneza milango. Wifi yako anasema kazi yangu haijui kutoka ofisini.

Picha zote alichora Brashi. Mtu anayechora herufi kubwa kama kabati juu ya maduka, akaketi kunichorea watu wadogo kama punje za mchele, mmoja mmoja, na kila mmoja na kofia yake. Tukafika vijiji kumi na moja, mfalme mmoja, na jitu moja pangoni. Tulijiona tumemaliza.

Akaja Mama. Siku moja nimeenda kuoga, narudi namkuta amekalia kiti changu na kipanya kiko mkononi. "Huyu mtu wako," ananiambia, "anaingia nyumba za watu bila hodi."

Nikamweleza kwamba ni mchezo, Mama.

"Hata kama ni mchezo. Amelelewa na nani?"

Nikaweka hodi. Mlango mmoja, niliutengeneza vizuri, ukisukuma haufunguki mpaka upige hodi na mtu wa ndani akukaribishe. Nikaunakili kwenye nyumba zote. Kesho yake ananiambia mwenye duka ametoa habari za jitu kabla hajajuliwa hali. Nikaweka kujuliana hali. Halafu hali ya watoto. Halafu kazi. Brashi alipokuja kuujaribu, akakaa akipiga hodi na kuuliza watoto wa watu wasiokuwepo duniani, akageuka akaniangalia. "Bwana wee, hilo jitu tutalikuta limeshakufa kwa uzee."

Na jitu lenyewe! Mama alipofika pangoni, panga mkononi, sisi wawili tumesimama nyuma ya kiti, akabonyeza kitufe cha kuongea. Akalisalimia. Jitu halikuwa na jibu, mimi niliandika kunguruma tu. Mama akasubiri. "Labda halikusikia," akasema, akasalimia tena. Ilibidi nirudi nikaliandikie jibu, na ukishaanza kumwandikia mtu majibu huwezi kuishia njiani, basi jitu likasema jino linaliuma, Mama akatoka kwenda kulitafutia dawa vijiji viwili nyuma. Mpaka leo hakuna aliyepigana na mtu yeyote kwenye mchezo wangu. Panga alilipeleka kwa mwenye duka.

Tangu hapo, kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama alikuwa anaingia humo. Anazunguka vijiji vyote anajulia watu hali. "Wananijibu yaleyale," alikiri mwenyewe, "lakini wanajibu."

Basi siku ile ya samaki nikapata wazo. Mchezo mzima ni salamu! Kama Chiriku angeucheza huko aliko kuanzia sasa hadi Desemba, angefika hapa ulimi umelainika. Nilimwambia wifi yako, akasema ndilo wazo la kwanza la maana lililotoka kwenye kile chumba. Nikafurahi kama nimepewa kombe.

Furaha ikadumu mpaka nilipokuuliza Chiriku anatumia kompyuta gani, ukaniambia anatumia tableti.

Nikueleze hapa taratibu, maana ndipo kichwa kiliponiuma. Hiyo programu ina matoleo mengi, na watengenezaji wake hawachoki kutoa mengine. Mimi na Brashi tumeyapa majina. Nililokuwa natumia ni la zamani, tunaliita Babu. Babu ni mtulivu, hakasiriki, kila kitu chake nakijua. Ila Babu hatoki nyumbani. Mchezo wake unafunguka kwenye kompyuta ya mezani tu, tableti hataki hata kuisikia.

Kuna toleo la katikati, hilo ni Shangazi. Shangazi anakubali tableti, na anakubali kuhamisha vitu vya Babu. Nikahamisha. Nikaazima tableti ya saluni kwa wifi yako, nikampa Mama ajaribu. Kwanza tableti ikapata moto kama pasi. Kila mlango Shangazi anasimama kwanza kufikiri, kama anakumbuka ubaya niliomtendea. Halafu ndiyo nikaona alichofanya kwenye kuhama. Kila mtu kwenye mchezo ana swichi yake ndogo isiyoonekana, ya kukumbuka kama ameshasalimiwa. Shangazi alikuwa amezikusanya zote akazifanya moja. Mama akamsalimia mwenye duka la kwanza, na kuanzia pale milango ya nchi nzima ikafunguka.

Mama akaingia kwa mfalme bila hodi, mfalme akampokea kwa bashasha.

"Huyu nimemsalimia saa ngapi?"

Nikasema amesalimiwa kwa niaba, Mama, kupitia mwenye duka.

Akaweka tableti mezani. "Mwanangu, ukimfundisha mtoto hivi, atakuja hapa amsalimie dereva wa teksi, mimi anipite."

Shangazi akaondoka siku hiyohiyo.

Likabaki toleo jipya kabisa, Kijana. Kijana ndiye hasa. Kwenye tableti anafunguka kabla hujakaa sawa, herufi ni kubwa, na anatoa sauti ya mtu safi kabisa, yaani unaweza kuwarekodi watu wakazungumza kweli. Nilipolijua hilo la sauti nikasimama nikazunguka kiti. Lakini Kijana ana masharti. Hatambui kitu chochote cha Babu, si nyumba, si mlango, si mtu. Unaanza upya kwenye uwanja mtupu. Picha zake lazima ziwe kubwa kuliko zetu, zile za Brashi ukizinyoosha watu wanavimba kama wameumwa na nyuki. Na sharti la mwisho ndilo lililonifanya nishike tama. Kompyuta yetu ni ya zamani kama mimi mwenyewe, na Kijana hakubali kukaa humo mpaka mfumo wote wa kompyuta ubadilishwe. Fundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili alinionya, akanionya tena. Ukibadilishwa, Babu hafunguki tena. Hawakai nyumba moja.

Unaona nilipofikia, mdogo wangu? Nikimbakiza Babu, Mama anao watu wake wa mchana, na Chiriku hana kitu. Nikimleta Kijana, Chiriku anapata mchezo, na vijiji kumi na moja vya Mama vinazimwa.

Nilianza na Brashi, nikidhani yeye ndiye atakuwa mwepesi. Nilimweleza tukiwa kibarazani, yeye yuko juu ya ngazi anamalizia bango la duka la viatu. Hakushuka.

"Kwa hiyo wale watu wote niliowachora ni wadogo mno."

Nikamwambia si wadogo, ni Kijana ndiye anawataka wakubwa.

"Nimepoteza nusu ya macho yangu kwa ajili ya wale watu. Kuna mmoja nilimchora kope."

Kwa kutaka kusaidia, nikasema kope hazionekani.

Mdogo wangu, kuna maneno yakishatoka unatamani uyakimbilie uyashike shati. Aliendelea kupaka rangi. Kuanzia siku hiyo akawa ananisalimia kama mteja, "habari za kazi, fundi," basi. Bango la kibanda changu alikuwa ameahidi kulipaka upya, akapaka la mshona viatu wa pembeni. Nikala jeuri yangu.

Mama nilimwogopa zaidi. Wiki nzima nikawa nazunguka zunguka. Namletea chai, nakaa, naongelea hali ya hewa, nainuka. Wifi yako akachoka. Alhamisi moja Mama yuko kwenye kompyuta, kijiji cha sita, anamuuliza mfinyanzi hali ya mkewe, wifi yako akasimama mlangoni akasema, "Mama, mwanao ana neno. Asipolisema leo nitalisema mimi, na mimi nitalisema vibaya."

Nikalisema. Nikamweleza Babu na Kijana na tableti ya Chiriku. Nikamwambia kabisa kwamba naweza nisifanye, kwamba ule mchezo ni wake, na Desemba tutapata njia nyingine, pengine picha, pengine ishara. Nilikuwa naongea haraka haraka kama ninayeuza dawa.

Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama kile kijiji. Akasogeza mtu wake mpaka kwenye kisima, akageuka naye huku na huku.

"Humu ndani," akasema, "kuna mtu sijamsalimia?"

Nikamwambia hakuna, Mama, umewamaliza wote mara nyingi.

"Sasa unaniuliza nini? Niliyebakiza yuko huko kwa mdogo wako."

Nikajifanya nafuta miwani.

Lakini usidhani iliishia hapo, huyu ni Mama. Nikanyoosha mkono nianze kazi, akaupiga. "Unahamisha watu bila mimi kuwaaga?" Akaanzia kijiji cha kwanza. Mlango wa kwanza, hodi, hali, watoto, kazi, halafu akatafuta pa kuagia, hakuna. Mimi mtengenezaji mkubwa sikuwahi kuweka kwaheri. Mtu humo alikuwa akishamaliza habari anageuka ukutani tu. "Ulipanga tuishi humu milele?" akaniuliza. Ilibidi nikae nimwandikie kila mtu neno la kuagana, kwenye programu ninayokwenda kuizima. Wifi yako alinitazama akatikisa kichwa, akaniletea mto wa kuweka mgongoni.

Jumamosi Mama akaaga. Alianza baada ya chakula, mpaka taa za barabarani zinawashwa yuko kijiji cha tisa. Na katikati ya hayo nani anabisha hodi? Brashi. Alikuja kudai kopo lake la rangi ya bluu lililokuwa kwangu, uso kaukunja hasa. Akamkuta Mama kwenye skrini amesimama mbele ya yule mama muuza mboga, yule mwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uage watu wako, mimi nimewamaliza nusu."

Brashi akasimama nyuma ya kiti. Mama akaagana na muuza mboga, akasogea, kisha akasema bila kugeuka, "Huyu una habari ana kope?"

Yaani aliziona! Mama, na miwani yake ile ya kioo kama chini ya chupa! Brashi alinigeukia, sura yake siwezi kukusimulia, ilikuwa kama mtu aliyeshinda kesi. Alivuta kigoda akakaa mpaka kijiji cha kumi na moja. Jitu waliliaga pamoja. Nililiandikia liseme jino limepona, liwatakie safari njema. Kopo la bluu alilisahau.

Jumatatu yule fundi wa ghorofa ya pili akabadilisha mfumo wa kompyuta. Jumatano Brashi akaja kibandani na bahasha, akaitupa kwenye kaunta kama mtu anayelipa faini. Ndani kuna mchoro wa bibi mmoja, mkubwa, kwa kipimo cha Kijana, amekaa kwenye kiti, kitambaa kichwani, na mikunjo ya mikono yote ipo. "Huyo mmoja tu," akasema. "Kwa ukubwa huo siwezi kukuchorea nchi. Nitakuchorea nyumba." Nikamwambia nyumba inatosha. Mama alipouona mchoro alisema pua si yake, akauomba autundike chumbani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ndicho ninachokutumia. Kutoka vijiji kumi na moja, mfalme na pango, imebaki nyumba moja, mlango mmoja na bibi mmoja. Kijana ndiyo kwanza ninamsoma, naunguza kama mtoto aliyepewa pasi. Kupanga ua wa nyumba peke yake kulinichukua muda wa kuchonga funguo za hoteli nzima, na bado kuna mti mmoja ukiupita unatembea juu yake. Usimwambie Chiriku, aone mwenyewe.

Ila sauti ni ya Mama. Hiyo ilikuwa kazi! Nilimkalisha ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili kelele za barabarani zisiingie, nikampa simu aseme maneno. Akaigeuza geuza mkononi.

"Naongea na nani?"

Nikamwambia na Chiriku, Mama, yuko humo.

"Simwoni. Na hajanisalimia, nitaanzaje mimi mkubwa?"

Basi ikabidi niingie kabatini, kitambi na yote, nimpigie magoti kwa sauti nyembamba, "Shikamoo bibi." Hapo Mama akafunguka kama bomba. Marahaba mwanangu, hujambo, umeshindaje, mama yako hajambo, baba yako mgongo vipi. Na mimi najibu kama mtoto wa miaka minane, koti la mvua liko mdomoni. Wifi yako alikuwa nje ya kabati na wateja wawili wa saluni, waliovunjika mbavu. Nilijitahidi kuifuta sauti yangu kote. Kwenye swali la shule imebaki, nimeshindwa kuitoa. Chiriku akisikia mzee mmoja anasema "nasoma darasa la tatu," mweleze kwamba ni mjomba wake na anampenda.

Sasa maelekezo, na tafadhali uyafuate, usilete ujuaji. Faili nimekutumia kwa simu, shemeji ataiweka kwenye tableti. Mpe mtoto akae nayo peke yake. Akisukuma mlango hautafunguka, na wewe usimwambie afanye nini. Atasikia Mama anauliza nani huyo. Mwache. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua, na akibonyeza jibu atalisikia linavyosemwa, alirudie kwa mdomo. Mama anaamini tableti inamsikia. Usije ukamwambia vinginevyo, mimi nimeshaapa kwamba inasikia.

Lipo na la mwisho, ndilo hasa nililotaka kukutayarisha, usije ukafikiri nimeharibu. Akishamaliza salamu zote, bibi anasogeza kiti chake na kumuuliza: "Ukija, mjukuu wangu, unataka nikupikie nini?"

Hapo nilikuwa nimeweka majibu matatu kama kwingine. Nilijaza vyakula mwenyewe. Mama akayasoma, akaniambia niyafute.

"Wewe unajua anachopenda?"

Nikasema sijui hasa.

"Na mimi sijui. Ningekuwa najua, ningeuliza ya nini?"

Nimeyafuta. Kwa hiyo mtoto akifika pale hataona kitufe chochote. Bibi atauliza, kisha atakaa anamtazama, na mchezo hautaendelea hata abonyeze vipi. Si kosa, mdogo wangu, na wala usimsaidie kwa kuzima. Ndio mwisho wake. Jibu hilo hatuwezi kulichonga huku, lazima litoke kinywani kwake, kwa simu, kwa maneno yoyote atakayokuwa nayo. Hata likiwa neno moja. Mama amesema atalielewa.

Msalimie sana shemeji, mwambie tumemtafutia godoro gumu la mgongo wake. Msalimie mama mkwe wako, na yule jirani yenu mpole aliyenirudishia mwavuli nilipokuja. Wifi yako anakusalimu, na Brashi anawasalimu ingawa hamjuani, anauliza mtoto ataziona kope za bibi au hataziona.

Mungu awafunike huko mliko na awafikishe salama Desemba. Mpe Chiriku hiyo tableti leo hii, usingoje wikiendi. Tangu nilipomwambia Mama kwamba faili imekwenda, amehamishia kiti chake karibu na simu, na kila ikilia ananiuliza mimi kwanza, "Je, akitaja chakula nisichokijua?"

Kaka yako anayekupenda hata usipomwacha amalize sentensi,

Fundi Funguo.